Mchicha wa hapa hapa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, soko la Ilala. Matenga ya nyanya yanashushwa kutoka kwenye Fuso, mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anapita na gunia kichwani akipiga kelele apishwe njia. Pembeni kidogo, kijana anafungua kamba ya kiroba alichokuja nacho nyuma ya bodaboda. Ndani ni mchicha. Mizizi bado imeshika udongo mweusi, majani yana umande. Mama mwenye kapu la ukindu anainama, anainua fungu moja, analigeuza.

"Wa wapi huu?"

"Wa hapa hapa, mama. Umeng'olewa sasa hivi."

Anachukua mafungu matatu, wala havutani bei.

Jibu hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Limebeba kila kinachotutoa kwenye rafu za supamaketi na kutupeleka kukanyaga matope ya soko: chakula cha karibu, kibichi, chenye mwenyewe. Ila ukilisikiliza vizuri, halikujibu swali.

Hapa hapa wapi?

Mkulima hayupo

Ukienda sokoni Dar ukitarajia kuonana na aliyelima, utarudi hujamwona. Viazi mviringo vimetoka Njombe au Mbeya. Karoti, kabichi na njegere nyingi ni za Lushoto. Vitunguu ni vya Ruaha Mbuyuni, Singida au Mang'ola. Machungwa ni ya Muheza, nanasi ni la Kiwangwa. Mikungu inayoshushwa soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo imepanda lori Rungwe au Kilimanjaro. Kati ya shamba na kapu lako kuna dalali wa shambani, mwenye gari, dalali wa sokoni, mwenye meza, na mara nyingi mwenye genge la mtaani kwenu.

Kwa hiyo ile hoja ya "nanunua kwa mkulima" tuiweke kando. Inabaki kweli kwa vitu vichache: mboga za majani, muhogo wa Mkuranga na Kisarawe, dafu, na samaki kama tukimhesabu mvuvi kuwa mkulima wa bahari.

Halafu karoti ya Lushoto iliyo kwenye friji la supamaketi na iliyo kwenye meza ya Ilala huenda zilipanda gari moja. Ya supamaketi imeoshwa na kufungwa karatasi. Ya sokoni ina udongo, na karoti yenye udongo hukaa muda mrefu zaidi kuliko iliyooshwa, maana kuosha huikwaruza ngozi na unyevu hualika uozo.

Basi kama siendi kwa mkulima, naenda kufuata nini?

Nyanya iliyochumwa mbichi

Chukua nyanya ya Ilula. Imesafiri zaidi ya kilomita 400. Ingechumwa ikiwa nyekundu kabisa, ingefika Dar ikiwa mchuzi. Ndiyo maana huchumwa inapoanza tu kupata wekundu kitakoni, inapangwa kwenye tenga la mbao, na rangi iliyobaki inaipata njiani na mezani. Huo si udanganyifu. Nyanya, kama embe, ndizi, parachichi na papai, huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Aina kama Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa kwa wakulima wetu mwaka 1997, zilipendwa kwa sababu hiyo hiyo: ni ngumu, zinavumilia safari.

Kosa hufanyika nyumbani. Watu wananunua nyanya nusu mbichi, wanazitia kwenye friji, kisha wanalalamika kwamba nyanya za siku hizi hazina ladha. Chini ya nyuzijoto 12 hivi, nyanya husimama kuiva na ile harufu yake hupotea, na mara nyingi hairudi yote ukiitoa. Ziweke mezani, kivulini, kovu la kikonyo likiangalia chini, zisibebane. Friji ni ya nyanya iliyokwisha kuiva kabisa na ambayo hutaipika leo.

Ukinunua za wiki nzima, usichukue sado (kopo la kupimia) ya rangi moja. Mwambie muuzaji akuchanganyie: nyekundu za leo na kesho, za pinki za katikati ya wiki, zenye kijani kidogo za Jumamosi. Wengi watakubali kama hujawashika saa ya kuuza kwa jumla. Za masalo, zile laini zinazouzwa rahisi pembeni, si takataka. Kama unapika rosti leo hii, ndizo zenyewe, mradi ngozi haijapasuka na hakuna ukungu kwenye kovu.

Jambo moja zaidi kuhusu nyanya: ule unga mweupe unaoonekana kwenye ngozi. Mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu iliyopulizwa shambani. Dawa hizi zina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye pakiti, lakini bei ikipanda ghafla mkulima naye ana haraka. Sugua kila nyanya kwa mkono chini ya maji yanayotiririka. Kuichovya tu kwenye beseni na kuitoa hakutoshi.

Nanasi na tikiti ni habari nyingine. Hayo hayaongezi sukari baada ya kukatwa. Nanasi bichi litageuka njano na kulainika, litabaki chachu vile vile. Linuse kitakoni: lisilo na harufu sokoni halitapata utamu jikoni kwako. Tikiti liangalie lile baka lililolalia ardhi. Likiwa jeupe, liliwahishwa. Likiwa la njano iliyokolea, chukua. Na chungwa la Muheza usilihukumu kwa ukijani. Ganda la chungwa linahitaji ubaridi wa usiku ili ligeuke rangi, na ubaridi huo Tanga haupo. Linaiva likiwa kijani.

Saa ndiyo soko

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo mara ya kwanza. Tunabishana soko lipi ni zuri, Ilala au Buguruni, Stereo au Mabibo, Kisutu au Tegeta Nyuki, wakati tofauti kubwa iko kwenye saa.

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ni biashara ya jumla. Wenye magenge wamekuja, wana haraka, na mteja wa kilo mbili ni kikwazo. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi kama saa tatu ndiyo nafasi ya mnunuzi wa nyumbani: mzigo umeshapangwa mezani, jua halijaupiga, muuzaji anatafuta hela ya kwanza ya siku. Baada ya saa tano majani yameshaanza kulala. Jioni bei inashuka, na hapo ndipo wengi tunaposhawishika.

Si vibaya kununua jioni. Ila nunua vinavyovumilia: viazi, karoti, kabichi, vitunguu, maboga, tangawizi. Mboga za majani na samaki wa jioni, bei yake haikushuka bure.

Muuzaji atanyunyizia majani maji mchana kutwa, na mchicha ulionyunyiziwa unang'aa kama wa alfajiri. Usiangalie majani, shika shina. Livunje karibu na mzizi: la leo linakatika kwa mlio na kuacha utomvu, la jana linapinda kama uzi. Matembele nayo, yakikatwa kikonyo, yawe yanatoa maziwa. Bamia ivunje ncha: ikikatika tap, ni changa, ikijikunja bila kukatika, ina nyuzi, utaitafuna hadi kesho. Nyanya chungu iangalie kofia yake, iwe kijani na imekaza. Kisamvu chagua ncha za juu, majani yaliyokomaa hayalainiki hata uyatwange namna gani, na hata hayo machanga yatwangwe na kuchemshwa vizuri, kwa kuwa yana sumu ya asili inayoondoka kwa kutwangwa na moto.

Muhogo ndio wenye haraka kuliko wote, ingawa sura yake haionyeshi. Siku mbili tatu baada ya kung'olewa, ndani huanza kupata mishipa ya bluu na nyeusi. Mwambie muuzaji akate ncha moja. Ndani pawe peupe pe, na kipande kikatike kwa mlio. Ukiona mistari, hata mmoja, acha. Utachemka masaa mawili na utabaki mgumu na mchungu. Ukibebwa na kipande cha shina juu yake, unadumu zaidi. Na kama unataka kuukalisha siku kadhaa, ufukie kwenye mchanga wenye unyevu, mahali pa kivuli. Bibi zetu walifanya hivyo bila kusoma popote.

Feri na kalenda ya mwezi

Samaki ndiye chakula cha Dar kilicho cha hapa hapa kwa maana halisi. Lakini naye ana saa zake, na saa zake zinatoka angani.

Vibua na dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Samaki wanaifuata taa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, bahari yote ina mwanga na taa haina mvuto. Kwa hiyo wiki ya mbalamwezi vibua wanaadimika na bei inapanda, wiki ya giza wanamwagika. Pweza yeye anafuata maji. Anatafutwa kwenye miamba maji yakipwa sana, yaani siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ukitaka pweza siku za maji mafu, utampata wa barafu au utamlipia. Msimu wa kusi nao ukivuma kwa nguvu, mashua ndogo hazitoki mbali, na hapo kila kitu kwenye soko la samaki la Feri kinapanda isipokuwa maneno.

Anayejua hayo hapangi kwanza chakula cha Jumamosi ndipo aende sokoni kulazimisha. Anaangalia mwezi, anakwenda, anaona, anapanga akiwa pale.

Wakati wa kuchagua, anza na matamvua. Yawe mekundu, si kahawia, na yasiwe na utelezi mzito. Macho yawe yamejaa na maangavu. Bonyeza ubavu kwa kidole: nyama irudi juu. Tumbo liwe limekaza. Muuzaji akimwagia maji ya bahari ili ang'ae, ni kama mchicha wa mchana: usiangalie ngozi.

Vibua, nguru na jodari wanahitaji tahadhari ya pekee. Wakikaa juani bila barafu hutengeneza ndani ya nyama kitu kinachowasha mwili, uso ukawa mwekundu, kichwa kikauma, na moto wa jikoni haukiondoi. Watu husema "samaki huyu amenikataa", wakati tatizo ni saa mbili za jua. Nenda na chombo chenye kifuniko, nunua barafu pale pale, na umalizie kwa samaki: kila kingine kiwe kimeshanunuliwa.

Sado

Huwezi kuandika juu ya soko ukaruka vipimo, maana hapo ndipo upendo kwa chakula cha kwetu hupimwa.

Sado ni kopo la rangi la lita nne, na ni kipimo kizuri kama kopo ni zima. Ikijazwa mchele na kusawazishwa, inatoa kilo tatu na kidogo. Maharage, karibu kilo tatu. Nyanya na vitunguu, kwa sababu ya mapengo kati yake, kilo mbili na kitu, zaidi kama kuna kichuguu juu. Ukiwa na makadirio hayo unaweza kulinganisha na bei ya kilo papo hapo: gawa bei ya sado ya mchele kwa tatu na robo. Mara nyingine sado ni nafuu kweli. Mara nyingine umelipia jina.

Michezo inajulikana. Kitako cha kopo kinagongwa kiingie ndani. Mdomo unabanwa uwe yai. Vitunguu vikubwa vinapangwa pembeni kusimamisha shimo katikati. Huhitaji ugomvi, ingiza mkono kwenye kopo tupu kabla halijajazwa, kama vile unafuta vumbi. Muuzaji mwenye kopo zima hatakasirika.

Ugonjwa huo huo, kwa ukubwa wa gunia, ndio lumbesa. Gunia linajazwa, kisha linashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza mazao kufungashwa zaidi ya kilo 100, na kila mwaka tunasikia makamera yakiongozana na wakaguzi. Bado Fuso zinashusha magunia yenye shingo. Ninaposikia mtu wa mjini akisema soko linamsaidia mkulima, nalitazama gunia kwanza.

Mchele uulize swali moja tu: mpya au wa mwaka jana? Mchele mpya unakunywa maji kidogo. Ukiupimia maji ya kawaida unapata bokoboko na kumlaumu aliyekuuzia. Wa zamani unachambuka na unahitaji maji zaidi. Kuhusu "Kyela safi" siwezi kukusaidia sana. Kila gunia Tandale lina jina la Kyela, na Kyela haijawahi kuwa kubwa hivyo. Nusa, uchukue kilo moja, upike, ndipo urudi kuchukua zaidi.

Karanga na mahindi chambua kwa macho makali. Punje zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye ukungu ndizo hubeba sumukuvu, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara. Karanga za kusagwa tayari hazionyeshi punje zake, kwa hiyo nunua nzima, chambua, kasage mwenyewe.

Hapa hapa ni wapi

Nirudi kwenye mchicha, maana yote niliyosema hadi sasa ni rahisi ukilinganisha nao.

Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne tangu kusiwa. Haustahimili safari. Kwa hiyo kati ya vyakula vyote vya soko, huu lazima ulimwe karibu: Kigamboni, Bunju, Kitunda, na katikati ya jiji kwenye mabonde ya mito. Kwa vigezo vyote tunavyovisifu, fungu lililotoka bondeni saa kumi alfajiri ndilo kilele. Limesafiri kilomita tano. Limepita mikono miwili. Aliyelima ndiye huyo aliyelileta.

Na ndilo lenye maswali mengi kuliko viazi vya Njombe.

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na kukatiza jiji kupitia Vingunguti, Buguruni na Jangwani hadi baharini kwenye daraja la Salenda. Njiani unapokea kila kitu: maji ya viwandani, ya machinjioni, ya vyoo, ya gereji. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, mchicha ukiwemo, ukikagua metali kama risasi na kadimia. Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani, na ni kweli wakati ule magari yetu yalikuwa bado yanatumia petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa kusini mwa Sahara mwishoni mwa 2005. Lakini tafiti zilizofuata bondeni humo hazikuleta habari za kumfanya mtu alale usingizi.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba karibu na safi ni ndugu. Kumbe ni majirani tu, na siku nyingine hawasalimiani.

Wepesi wa kwanza wa kujibu ni kuwalaumu wakulima wa bondeni. Siukubali. Hawakuchimba mfereji wa kiwanda, wala hawakupasua bomba la maji machafu. Wamelima ardhi iliyobaki wazi kwa maji yaliyopo, na kwa miaka mingi wamelilisha jiji mboga ya bei ambayo hata mwenye kibarua anaimudu. Ukiwafukuza kesho, mchicha wa jiji unapanda bei kesho kutwa, na mto unabaki mchafu.

Wepesi wa pili ni kusema "tutaosha vizuri". Kuosha kunasaidia kwa baadhi ya mambo tu. Vijidudu vya maji machafu vipo juu ya jani. Maji mengi huvipunguza na moto huviua. Mabaki ya dawa yaliyo juu ya jani nayo hupungua. Lakini risasi na kadimia hupandishwa na mizizi, zikakaa ndani ya jani lenyewe. Chumvi haizitoi, siki haizitoi, kuchemsha hakuzitoi.

Kinachobaki ni kuuliza na kubadilisha. Kula mboga ya sehemu moja kila siku kwa mwaka mzima ni tofauti na kula ya sehemu nne kwa zamu. Leo mchicha wa Kigamboni, kesho matembele ya Kitunda, keshokutwa majani ya maboga ya Kibaha, halafu kabichi ya Lushoto. Watoto wadogo na wajawazito ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu risasi huwaumiza wao mapema. Na majani yaliwayo mabichi, saladi hasa, yasitoke bondeni kabisa.

Mwenye kibaraza anaweza kujitegemea kidogo. Gunia au beseni lililotobolewa chini, debe mbili za udongo kwa moja ya samadi iliyooza, mchanga kidogo maji yasisimame. Changanya mbegu na mchanga mkavu kabla ya kusia, la sivyo zitaota kama nywele. Zikifika urefu wa kidole, punguza ibaki nafasi ya vidole vitatu kati ya mche na mche, na hizo unazong'oa ni mboga ya kwanza. Using'oe iliyobaki; kata juu ya vifundo viwili vya chini, itachipua tena mara mbili tatu. Samadi ya kuku ikiwa mbichi itaunguza kila kitu. Hilo ndilo kosa la wengi.

Namna ya kuuliza

"Ni mzuri huu?" ni swali bure. Hakuna aliyewahi kujibiwa hapana.

Uliza lenye jibu ambalo muuzaji hana sababu ya kulificha. "Umeng'oa mwenyewe au umechukua kwa mtu?" "Kule kwenu mnanyweshea kisima au mto?" "Kesho unaleta?" Aliyelima atajibu kwa majina na habari: pampu imeharibika, mvua imelaza matuta, wadudu wameingia kwenye chainizi. Aliyenunua kwa mtu atasema "ni mzuri tu, anti, chukua". Wote wawili ni wafanyabiashara halali, ila mmoja ndiye anayelijua jibu.

Na urudi kwake. Si kwa hisani. Mteja wa kila Jumamosi anapewa nyongeza, hilo linajulikana, lakini faida kubwa zaidi hujitokeza siku mbaya. Ni pale muuzaji anapokusogezea sikio na kusema, "Leo samaki usichukue, ni wa jana." Au, "Hizi nyanya zimenyeshewa, hazitakufikisha Jumatano." Kwenye rafu ya supamaketi hakuna wa kukuambia hivyo. Hilo, zaidi ya kilomita, zaidi ya neno "kienyeji" linalobandikwa kila yai lenye ganda la kahawia (rangi ya ganda ni kabila la kuku tu, haisemi alilelewaje), ndilo ninaloona linastahili kuamka alfajiri.

Inachukua muda. Miezi, pengine. Mwanzoni utauziwa muhogo wenye mistari kama kila mtu.

Beseni

Kapu lipangwe hivi: viazi na muhogo chini, kabichi na vitunguu katikati, nyanya juu, majani yasimamishwe pembeni yapumue. Ndizi mbivu zibebwe peke yake, gesi yake hufanya majani ya mboga kuwa njano. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 wengi tumerudi kwenye kapu, na majani yamefaidika kuliko mazingira.

Ukifika nyumbani, mchicha ambao hutaupika leo usiuoshe. Simamisha mizizi kwenye bakuli la maji, kivulini, kama maua. Utakaa hadi kesho bila friji. Wenye friji, uviringe kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo. Usiukatekate mapema: kila mkato unaanza kupoteza vitamini C, na siku mbili za joto la Dar zinatosha kuimaliza sehemu kubwa.

Wa leo, kata mizizi, tenganisha majani, uzamishe kwenye beseni kubwa la maji. Koroga kwa mkono, acha dakika moja mchanga ushuke. Sasa nyanyua majani kwa vidole, uyahamishie beseni la pili. Usimwage maji ukiwa umeyashika majani ndani, maana utaurudisha mchanga wote juu yake. Hili ndilo kosa linalofanya mchicha ulie menoni hata baada ya kuoshwa mara tano. Beseni la pili, la tatu. Pitisha kiganja chini kila mara. Ukigusa mchanga kwenye la tatu, jaza la nne.